Jaribio la Nne la Bi Hubbard

"Mama, sikiliza swali vizuri," alisema Kezia, na kwa jinsi alivyovuta pumzi Verlene alijua bintiye ameanza kumchoka. "Mteja ameingia ofisini analia. Mwenye nyumba amemtolea vyombo nje, na ana watoto wawili. Afisa ustawi wa jamii afanye nini kwanza? A, ampigie simu mwenye nyumba. B, amtafutie pa kulala. C, atambue jinsi anavyojisikia."

"B," alisema Verlene, kisu kikiendelea na kitunguu.

"Ni C."

"C! Watoto wako nje, Saginaw hii, Februari hii, na mimi nimekaa kitini natambua wanavyojisikia?"

"Unatambua kwanza, halafu ndiyo unatafuta."

"Nikimaliza kutambua, kitanda kwenye makazi ya dharura kimeshapata mtu. Vitanda vinaisha saa kumi jioni, Kezia. Saa kumi na dakika tano unaongea na mashine ya simu."

"Mimi najua, Mama. Mtihani haujui."

Sebuleni, Roscoe, mumewe Verlene, alicheka peke yake mbele ya mpira wa kikapu, na haikujulikana anaucheka mpira au anawacheka wao. Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, mbavu za nguruwe ziko ndani ya oveni na sukuma wiki inatokota. Hata kanisani Verlene hakupumzika. Mara tatu zilizopita mchungaji alimwombea kwa kumtaja jina, na mara tatu Dada Earline alimvizia mlangoni Jumapili iliyofuata na kumuuliza, "Enhe, vipi?" kwa sauti ya kusikika hadi maegesho ya magari. Safari hii alikataza asiombewe. Mungu anajua tarehe, alimwambia mchungaji, na inatosha ajue yeye.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia katika kitengo cha watoto cha ustawi wa jamii. Alijua ni bibi gani atampokea mjukuu bila kuuliza chochote na ni yupi atauliza hundi inakuja lini. Mahakimu walikuwa wakiinua macho kutoka kwenye makaratasi na kusema, "Bi Hubbard, wewe unaonaje?" Lakini kompyuta ya mtihani haikuwahi kumuuliza anaonaje. Ilimwambia hapana, amepungukiwa alama tisa, ikamwambia hapana, amepungukiwa nne, na mara ya tatu, mwezi wa kumi na moja, ikamwambia hapana, amepungukiwa mbili. Kila akianguka anasubiri miezi mitatu na kulipa upya dola mia mbili na thelathini.

Ile ya pili ndiyo iliyomuuma kuliko zote. Wenzake walinunua keki mapema, imeandikwa HONGERA VERLENE kwa sukari ya bluu, wakaificha kwenye friji ya ofisi. Aliporudi na majibu hakuna aliyejua la kufanya na ile keki. Waliila saa tisa wamesimama, na kwa wema wao wakampa yeye kipande chenye jina lake.

Kwa miaka mitatu alikuwa anakaimu ukuu wa kitengo. Mwaka jana bodi ikapitisha kwamba mkuu lazima awe na leseni, ile inayotolewa kwa mtihani huu, na wakampa muda hadi mwisho wa Februari. Jaribio la nne lilikuwa Jumanne. Akishindwa, Machi mosi anabeba picha zake kutoka kwenye ofisi yenye mlango na kurudi kwenye zile meza za katikati ya ukumbi, na mtu mwingine anakuja kumwambia nini cha kufanya na watoto wa Saginaw. Tangu Krismasi alikuwa hawezi kukaa kitako. Anaanza kufua, anaacha. Anawasha gari aende dukani, anafika kona, anarudi kwa sababu amesahau alichokuwa anakwenda kununua.

Kezia naye, miaka ishirini na saba, na miaka miwili tu ya kazi katika kitengo cha wazee ghorofa ya chini, alipita mara ya kwanza. Alitoka kwenye mtihani akaenda kula piza na rafiki zake.

"Lete hicho kiboksi nijisomee mwenyewe," alisema Verlene akipangusa mikono. "Wewe ukinisomea unanisomea na jibu usoni."

"Ngoja nikutolee zile ngumu," Kezia alisema haraka, lakini mama yake alikuwa amekwisha kuchukua kiboksi cha kadi za maswali, na nyuma ya kadi, imekunjwa mara nne, kulikuwa na barua ya ofisi.

Verlene aliisoma yote. Haikuwa ndefu. Ilimkaribisha Bi Kezia Hubbard kuwasilisha maombi ya nafasi ya Mkuu wa Kitengo cha Watoto, endapo nafasi hiyo itakuwa wazi kuanzia tarehe mosi Machi.

"Endapo," alisema Verlene.

"Mama, sijawajibu."

"Walikupa lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi. Kwa hiyo Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, umekaa hapa unaniuliza maswali na hii iko ndani ya kiboksi."

Kezia aliweka kadi chini. Aliongea polepole, kwa ile sauti ya darasani. "Naona umekasirika, na una haki ya—"

"Usiniletee C yako hapa!" Verlene alipiga meza hata kitunguu kikaruka. "Mimi ni mama yako, mimi siyo mteja!"

Mpira ulizimwa sebuleni. Roscoe alisimama mlangoni na soksi zake, mkono kwenye fremu. Alikuwa fundi wa mabomba ya shule za wilaya, mtu wa kusikiliza uvujaji kabla ya kuuona. "Kuna nini?"

"Binti yako anakalia kiti changu."

"Sijakalia kitu! Wenye leseni ni mimi na mwanamume mmoja wa kutoka Lansing, basi. Kama siyo mimi ni yeye, na yeye hata hajui Mtaa wa Genesee uko wapi. Nilifikiri, angalau..."

"Angalau nini? Angalau kibaki nyumbani?"

"Ndiyo! Angalau kibaki nyumbani! Kuna ubaya gani?"

Hakukuwa na ubaya, na hilo ndilo lililomkera Verlene. Alimtazama mwanawe, kucha zake safi, macho yake yasiyojua hata usiku mmoja wa kukosa usingizi, akahisi wivu. Siyo hasira, ni wivu, wa kumwonea mtoto aliyembeba mwenyewe, na ulimtia aibu kuliko kufeli mara tatu.

"Jamani, mbavu," alisema Roscoe.

"Mbavu zimefanya nini?"

"Zinaungua, bibie."

Walikula zilizoungua. Kezia aliomba radhi kwa kuficha barua, Verlene akasema haya, na pilipili ikapitishwa. Kabla ya kuondoka, binti alisimama na koti lake pale mlangoni, anahangaika na zipu.

"Mama, nikwambie kitu usinirukie. Wewe hushindwi kwa kutojua. Unafeli kwa sababu kila swali unamwona mtu unayemfahamu. Jumanne jifanye hujawahi kumjua mtu yeyote. Jifanye ndiyo siku yako ya kwanza kazini."

"Yaani niwe wewe."

"Ndiyo," Kezia alisema. "Kwa saa nne tu. Halafu urudi kuwa wewe."

*

Jumanne Roscoe aliomba ruhusa kazini ili amwendeshe. Kezia naye alijitokeza bila kuitwa, akaingia kiti cha nyuma na kahawa tatu. Njia nzima walizungumzia theluji. Kituo cha mitihani kilikuwa kwenye kijengo kimoja kati ya saluni ya kucha na ofisi ya mtu wa kodi, na Verlene alikijua hata rangi ya zulia lake.

"Tunakusubiri hapahapa," alisema Roscoe.

"Saa nne zote?"

"Nina redio."

Ndani, vijana wawili walikuwa kwenye foleni, mmoja amekuja kwa mtihani wa udalali wa nyumba, mwingine wa umeme. Verlene alisimama nyuma yao akirudia kimyakimya: tambua, chunguza, ndipo utende. Walipokaguliwa wakakaa pembeni kusubiri, akasogea mezani na vitambulisho viwili mkononi, akamwona aliyekaa pale.

Alikuwa Tawanna Ricks. Amenenepa kidogo, ana miwani, na kadi ya kazi imening'inia shingoni, lakini ni yeye. Miaka kumi na mmoja iliyopita Verlene aliingia kwake na polisi mmoja na viti vitatu vya gari vya watoto, kuwachukua wanawe. Wawili wa kwanza walirudishwa baada ya miezi kumi na tisa. Wa mwisho, Jaylin, aliyekuwa hajaanza hata kutembea, hakurudi. Aliasiliwa na mwalimu mmoja na mumewe huko Bay City.

Kuna sheria ya kazi hii ambayo Verlene hakuhitaji kadi kuikumbuka: ukikutana na mteja wako wa zamani mbele za watu, usimsalimie wewe. Mwache achague yeye. Verlene alifunga mdomo, akasubiri.

Tawanna alisoma kitambulisho cha kwanza. Akasoma cha pili. Akatazama kompyuta, ambapo bila shaka palikuwa pameandikwa ni mtihani wa nini.

"Vua koti," alisema. "Geuza mifuko nje. Pandisha mikono ya sweta. Vua miwani nione fremu."

Verlene alifanya hayo yote.

"Hizo nywele ni wigi?"

Yule kijana wa umeme aliangalia pembeni.

"Ndiyo," alisema Verlene.

"Ninyanyulie kidogo, upande huu. Na huu." Tawanna alichungulia, mikono yake haikumgusa. "Ni taratibu tu, Bi Hubbard."

Ni taratibu tu. Verlene alikuwa amesema maneno hayohayo jikoni kwa Tawanna huku akifungua friji yake na kuhesabu mayai. Aliyasema akinusa mashuka. Kwa miaka yote hiyo alidhani ni maneno ya upole.

*

Maswali yalikuwa mia moja na sabini. Alijifanya hajui mtu. Ilikuwa kazi kubwa kuliko alivyofikiri, maana kila jina la kubuni kwenye skrini lilimjia na sura. Mzee asiyetaka kuoga alikuwa ni mzee Purvis. Msichana wa miaka kumi na sita mwenye mimba alikuwa ni watu kumi na watatu tofauti. Aliwafukuza mmojammoja akabonyeza jibu ambalo angelitoa mtu aliyetua Saginaw asubuhi ile kwa ndege.

Kwenye swali la thelathini na nane aliguswa bega. Tawanna alikuwa ameinama kando yake, ananong'ona. "Unasoma kwa sauti. Hairuhusiwi."

"Samahani."

"Nalazimika kuandika. Zikizidi mbili, wanaweza kufuta mtihani wako."

Verlene aliuma mdomo wa chini. Amekuwa akisoma kwa kunong'ona tangu shule ya msingi. Wala huwa hajisikii. Mbele kulikuwa na dirisha la kioo, na nyuma ya kioo Tawanna amekaa na kalamu. Alisoma sentensi mara tatu bila kuielewa. Kwenye swali la themanini akaguswa tena bega. Tawanna aliweka kidole mdomoni tu, akarudi zake kukaa. Kwenye la mia na tisa akaguswa mara ya tatu, na hapo Verlene alijua yamekwisha. Akatoa macho kwenye skrini akamtazama yule mwanamke anavyoondoka, viatu vyake vya mpira havitoi sauti, akajisemea: haki yake. Aandike. Mimi ningeandika.

Hata hivyo aliendelea, kwa kuwa ada imekwisha kulipwa na nje kuna watu wanasubiri kwenye baridi. Na kwenye la mia ishirini na sita alikutana na hili:

Mama ambaye watoto wake wako katika malezi ya muda huchelewa mara kwa mara kwenye miadi ya kuwaona. Afisa afanye nini kwanza? A, aandike ucheleweshaji huo katika faili. B, amuulize mama ni nini kinachomchelewesha. C, apendekeze muda wa miadi upunguzwe.

Tangu aanze mtihani huu alikuwa ameudharau. Aliuita mtihani wa watu wasiowahi kupanda ngazi za mtu yeyote, na mbele ya wenzake aliwacheka waliotunga maswali. Sasa jibu lilikuwa B, hata mtoto angelijua, na yeye alikuwa amefanya A. Dakika kumi na mbili. Dakika ishirini. Dakika tisa. Mara saba, kwa mwandiko wake mzuri, kwenye faili ambalo hakimu alilisoma kabla ya kuamua juu ya Jaylin. Alijiambia wakati ule kwamba mtu anayetaka watoto wake hufika mapema. Hakuuliza. Alikuwa na kesi thelathini na moja mwaka ule na hakuuliza, na haikuwa kwa ukosefu wa muda, alidhani anajua.

Alibonyeza B. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa mkono wa sweta, na akahofia hata hilo litaandikwa.

*

Alipobonyeza kitufe cha mwisho skrini ilikaa nyeupe muda mrefu, halafu ikaleta mistari miwili. Aliisoma mara nne. Ilisema amepita. Matokeo ya awali, ilisema, yatathibitishwa baada ya ripoti ya kituo.

Ripoti ya kituo. Verlene alitoka kwenye chumba kile kama mtu aliyepewa chakula na kuambiwa asubiri kwanza kukila. Tawanna alikuwa peke yake mezani. Mashine ilitoa karatasi, naye akaipiga muhuri, akaisukuma mbele bila kuiachia.

"Ulisoma kwa sauti mara tatu," alisema.

"Najua."

"Nimeandika moja."

Kila neno lililomjia Verlene lilikuwa la kazini.

"Wewe ulikuwa unaandika zote," alisema Tawanna. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja bei. "Nilipewa lile faili baadaye na wakili. Nimelisoma lote."

Sasa alikuwa amechagua mwenyewe kuongea, na sheria haikumzuia tena Verlene. Swali lilikuwa limechelewa kwa miaka kumi na mmoja, na aliona aibu, lakini aliuliza.

"Ni nini kilikuwa kinakuchelewesha?"

"Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee kule Carrollton. Zamu inaisha saa tatu asubuhi. Na nyinyi mlinipangia kuwaona watoto saa tatu."

"Saa tatu."

"Saa tatu na saa tatu. Nilikuwa nakimbia." Akaachia karatasi. "Hilo swali limo humo ndani?"

"Limo."

"Na jibu lake ni lipi?"

"Kuuliza."

Tawanna alitikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo ulipokuja kwangu ulikuwa bado hujaufanya huu mtihani."

"Nilikuwa bado," alisema Verlene. "Haukuwa wa lazima."

"Haya." Tawanna alivuta daftari la wageni karibu. "Koti lako liko kabati namba saba. Ufunguo uache juu."

Nje theluji ilikuwa imeanza upya. Roscoe alikuwa wa kwanza kumwona, akashuka haraka hata akasahau kuzima redio, na Kezia akashuka upande wa pili. Walimtazama usoni wakaangaliana. Wote wawili walikuwa wameiona sura ile mara tatu.

"Mama, basi, sikiliza," Kezia alianza, akimshika mkono. "Siyo mwisho wa dunia. Sitaomba ile nafasi. Nakuapia siombi. Mwache huyo wa Lansing aje, tutaona atafika wapi."

Verlene alimpa karatasi.

Kezia alisoma, akapiga yowe, wanawake wa saluni ya kucha wakatazama dirishani. Roscoe alimnyanyua mkewe kutoka chini, licha ya mgongo wake mbovu, akapiga honi mara mbili kwa kuingiza mkono dirishani. "Leseni! Bibie ana leseni! Nani ampigie Dada Earline? Nipe simu nimpigie mwenyewe!" Kezia alikuwa analia na kucheka, anapiga picha ile karatasi ili aitume kwa wote wa ofisini, anauliza wakale wapi.

"Kezia," alisema Verlene. "Ukishamaliza na hiyo picha, nina kazi na wewe. Mmeshawahi kumtafutia mzee mtoto wake aliyeasiliwa, kule chini kwenu? Mnaanzia wapi?"

"Inategemea. Mtoto lazima afikishe miaka kumi na minane. Kwa nini? Nani?"

Jaylin sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja na nusu. Verlene alihesabu mara moja, akahesabu tena, bado ilibaki miaka sita na nusu. Alipanda kiti cha nyuma, akafunga mkanda, akawaacha washangilie.